Dawa ya Mikoba ya Eliufoo

Kiangazi cha Same hakina adabu. Kinapasua midomo, kinapasua nyayo, na mwaka ule kilipasua hata mikoba ya ngozi ya akina mama. Eliufoo, mtanashati asiyependa kazi ya kutoa jasho, aliitazama mikoba hiyo sokoni akaona riziki yake.

Akayeyusha mafuta ya kondoo, akachanganya na masizi, akajaza vikopo.

"Dawa ya ngozi, mama zangu, imevuka bahari! Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, anika kivulini, kisha paka, sugua. Mkoba utasahau umri wake!"

Maelekezo yalikuwa ya kweli. Aliyadokoa kwa mpishi wa Mzungu mmoja. Dawa ndiyo ilikuwa uongo. Same nzima, mtu pekee ambaye hakuiamini ni yeye mwenyewe. Akina mama walinunua, akiwamo Zipora, mjane wa Gonja aliyeshuka kuuza maharage.

Biashara ikanoga. Eliufoo akanunua baiskeli mpya, akaipenda kuliko ndugu zake. Sikukuu ya mavuno ilipofika, akaikokota hadi Gonja juu, kwenye baridi, ili awauzie dawa Walutheri. Zipora alipomwona tu uwanjani pa kanisa, alirudi nyumbani mbio, akarejea kabla ya ibada na kitu ndani ya kanga.

Baada ya ibada sadaka zilinadiwa nje kama kawaida: ndizi, mayai, jogoo mmoja mkorofi. Kisha mzee wa kanisa, Hezroni, akainua mkoba mweusi unaong'aa, hauna hata mkwaruzo. Eliufoo akapigwa na butwaa. Mke wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule Same, angeulilia kwa bei ya baiskeli mbili!

"Shikamoo, mama," akamnong'oneza Zipora. "Mkoba huu ni wa nani?"

"Marahaba, baba. Ulikuwa wangu, nilipewa na bibi wa misheni. Mzuri, eti?"

"Wa kawaida tu," alisema Eliufoo, mate yakimjaa mdomoni.

"Mbuzi!" alipaza sauti Ernesta, jirani yake Zipora.

"Mbuzi wawili!" Eliufoo akajibu.

"Ng'ombe!" akasema Ernesta, ambaye hakuwa hata na kuku.

Umati mzima ukamgeukia Eliufoo.

"Baiskeli!"

"Amina!" waliitika wote. Mchungaji akaiombea baiskeli palepale, na kitu kilichokwisha kuombewa, nani atathubutu kukidai?

"Usiupitishe juani, mwanangu," Zipora alimwambia akimkabidhi mkoba. "Umezoea baridi."

Eliufoo alicheka ushamba huo, akateremka kwa miguu akipiga mluzi. Karibu na Kisiwani jua likaupata mkoba. Weusi ukaanza kumtiririkia kwenye suruali yake nyeupe, na nyufa zikachomoza. Akanusa vidole. Kondoo! Kumbe kule juu kwenye baridi mafuta yake huganda na kuziba kila ufa. Zipora alikwisha kuharibiwa gauni lake la kwendea harusini namna hiyohiyo, na leo alikuwa amelipiza. Eliufoo alitaka kulia, na kwa kweli alilia kidogo. Mbwa wawili wakaanza kumfuata.

Kengele ikalia nyuma yake. Alikuwa mwinjilisti wa Gonja, anazungukia vijiji juu ya baiskeli mpya.

"Bwana asifiwe! Si wewe uliyetutolea chombo hiki? Panda kwenye keria, ndugu, nikusogeze. Ila hilo limkoba liache hapo. Mali ya kanisa hii, sitaki ichafuke."

Eliufoo akawatupia mbwa mkoba, akapanda.