Kikosi Kazi cha Kujaza Vitanda

Ninayo furaha kuutangazia umma kwamba, tangu watu waamriwe kukaa majumbani, wakazi wa mji wetu hapa Nebraska, Marekani, wameacha kabisa kupata mshtuko wa moyo. Kiharusi nacho kimekoma. Mkurugenzi wa hospitali yetu, Dakta Harlan Vosberg, aliyaita haya "mafanikio ya kimkakati", nami, Naibu wake wa Mawasiliano, nikayatangaza hivyo hivyo.

Nesi Marisol wa idara ya dharura akataka kututilia mchanga kwenye kitumbua chetu.

"Mafanikio gani, bosi? Watu wanaogopa corona. Jirani yangu kafia kwenye kochi huku kashika kifua, ananikataza nisiite ambulensi!"

"Hakufika hapa," Mkurugenzi akamjibu kwa upole. "Kwa hiyo hakuugua."

Kasheshe ilianza jimbo lilipomtuma mkaguzi, Bi Odegaard, kuangalia kama idara isiyo na wagonjwa inastahili kuendelea kuwapo. Papo hapo Mkurugenzi akaunda Kikosi Kazi cha Kujaza Vitanda. Wahasibu wakafungwa bandeji. Mkuu wa manunuzi akateuliwa kuwa mgonjwa wa moyo, uteuzi alioupokea kwa unyenyekevu. Siku yenyewe akaingia mitini, ikabidi Mkurugenzi avue koti alale yeye.

Jamani, mtu yule aliigiza! Jasho likamchuruzika, uso ukawa wa kijivu, akawa anagumia kama ng'ombe mwenye uchungu wa kuzaa. Bi Odegaard alikuwa ndiyo kwanza anaingia.

"Hii... ya kweli," Mkurugenzi akaninong'oneza.

"Safi sana, bosi," nikamtia moyo. "Ongeza sauti kidogo, mkaguzi yuko mlangoni."

Wahasibu wakapiga makofi. Marisol hakupiga. Alimgusa shingoni, akatugeukia macho yamemtoka.

"Pisheni! Huyu anakufa, nyie wapuuzi!"

Akamchana shati, akamshtua kwa umeme mara mbili, wahasibu wakikimbia na bandeji zao zikiburuzika. Hatimaye Mkurugenzi akafumbua macho.

"Maumivu yalianza lini?" Marisol akamuuliza, bado anahema.

"Jumapili."

"Jumapili! Na ofisi yako iko hapo juu tu! Mbona hukushuka?"

Mkurugenzi akamtazama mkaguzi, akanitazama mimi, kisha akavuta shuka hadi kidevuni.

"Nishuke hospitalini?" akasema. "Huku si kuna corona!"