Kiwanja cha Shemeji

Habari ililetwa na Fundi Viatu, na kwa kuwa alikuwa amebana misumari mitano mdomoni, kijiwe kizima kilidhani anaumwa jino. Akaitemea kiganjani, akainua simu yake yenye kioo kilichopasuka.

"Jamani! Shemeji sasa anaongea Kiswahili!"

Bingwa wa Ndimi, aliyekaa mwisho wa benchi na mguu mmoja peku akisubiri kiatu chake kishonwe, alisahau kupuliza kahawa. Akaungua ulimi.

Hapa panahitaji maelezo. Shemeji ni yule mtu wa sinema anayeruka angani na blanketi jekundu mgongoni. Jina lake la kweli hakuna aliyelijua mtaa mzima. Miaka kumi na miwili iliyopita, Bingwa alishika kipaza sauti kutafsiri sinema katika banda la video lililo ng'ambo ya barabara, akatangaza kwamba yule binti anayependwa na mrukaji ni dada yetu sote. Tangu siku hiyo mrukaji akawa shemeji wa mtaa. Adui yake, yule mwenye upara na mkono wa chuma, akawa Baba Mdogo, aliyedhulumu kiwanja cha marehemu kaka yake. Sehemu saba zimepita, na watu bado wanajazana bandani kufuatilia hatima ya kiwanja.

Sasa siri, ambayo Bingwa hakumwambia hata mkewe, aliyeozwa kwake kwa sifa hiyohiyo ya ndimi: Kiingereza hakijui. Anajua ndiyo, anajua hapana, na anajua kwa moyo maandishi ya nyuma ya chupa ya shampuu, kwa kuwa huyasoma kila akioga. Mengine yote aliyatoa kichwani. Wa kwenye skrini wakifungua mdomo, naye anafungua wake.

"Kampuni yenyewe imetoa," Fundi Viatu akaendelea. "Kiswahili rasmi, sauti rasmi, kuanzia sehemu ya kwanza. Nimeshaishusha hapa."

"Afadhali," alisema Mwalimu Mstaafu, akafuta miwani. "Leo mbivu na mbichi zitajulikana."

Mwalimu alifundisha Kiingereza miaka thelathini, na bandani hakuwahi kukanyaga. "Mzee mzima nikatazame mwanamume aliyevaa chupi juu ya suruali?" ndivyo alivyokuwa akisema. Lakini Bingwa alikuwa mwanafunzi wake darasa la sita, na hapo ndipo penye tatizo.

"Huyu mtihani wa mwisho aliniandikia jina lake tu," alikumbusha kwa mara ya mia. "Nalo alilikosea."

"Binadamu hukua, Mwalimu," Bingwa alijitetea.

"Hukua, sawa. Tutazame basi."

"Betri itaisha."

"Imejaa pomoni," alisema Fundi Viatu.

"Jua hili, kioo hakitaonekana."

Mama Kahawa, mwenye benchi, birika na kauli ya mwisho, alivua mtandio wake akaitandia simu. "Ingizeni vichwa."

Bingwa akawaza kukimbia. Lakini kiatu kimoja kilikuwa kwenye kalibu ya Fundi, tena soli imefunguka kama mdomo wa mamba. Akaingiza kichwa pamoja na wenzake, wakawa kama wagonjwa wa mafua wanaojifukiza.

Sinema ikaanza. Wakapigana, maghorofa yakaanguka, Fundi Viatu akashangilia. Kisha Baba Mdogo akajitokeza juu ya paa na kusema kwa Kiswahili safi kama cha taarifa ya habari: "Nitaiangamiza dunia nzima, nilipate jiwe la milele!"

Vichwa vikagongana chini ya mtandio.

"Jiwe?" aliuliza Fundi Viatu. "Jiwe gani tena? Kiwanja kiko wapi?"

"Labda jiwe la mpaka," Bingwa alisema.

"Amesema dunia nzima," Mwalimu alisisitiza. "Nimesikia vizuri."

"Akishaiangamiza atakaa wapi?" Mama Kahawa hakuelewa. "Mtu mwovu ana akili zake bwana. Mtu mwovu anataka kitu cha mwenzake, hataki kila kitu kivunjike."

"Ssh! Mama mtu huyo anatoka!"

Bingwa akafumba macho. Pale, mlangoni, mama yake Shemeji anamuaga mwanawe. Hapo ndipo kwa miaka kumi na miwili bandani watu walipokuwa wakipiga makofi, Bingwa akisema kwa sauti ya kikongwe: *Mwanangu, hati ya kiwanja usimpe mtu. Hata akilia. Hata akija na wazee. Anayekuomba hati leo, kesho atakuomba na mlango.*

Kwenye simu, mama akamshika mwanawe shavu. "Jitunze, mwanangu. Usisahau kula."

Mama Kahawa akachomoa kichwa.

"Amesema nini?"

"Ajitunze, asisahau kula," alijibu Fundi Viatu.

"Basi?"

"Basi."

Mama Kahawa akakaa kwenye ndoo yake. Alipoongea, hakuwa tena na ile sauti ya kufukuza wadeni na inzi.

"Nilipomzika mume wangu, mdogo wake alinijia na wazee wawili na karatasi. Analia yule, machozi hadi kidevuni. Nikashika kalamu. Wallahi nilikuwa nimeshaishika. Nikamkumbuka mama yake Shemeji, nikaiweka chini. Leo mimi na wanangu tunalala chini ya paa letu. Sasa mnaniambia yule mama alikuwa anazungumzia kula?"

Mwalimu alivua miwani. Akamtazama Bingwa muda mrefu, na Bingwa akajua arobaini zake zimetimia. Aliona haya, akaogopa, na chini kabisa ya hofu aliona fahari ambayo hakujua aiweke wapi.

Paa! Fundi Viatu alipiga nyundo mezani.

"Huyu mtafsiri wao hajui Kiingereza!"

"Ndiyo!" Mama Kahawa akasimama. "Kapewa kazi kwa kujuana!"

"Mjomba wake yuko ofisini, naapa. Kiwanja cha watu kimepotea mchana kweupe, wanatuletea jiwe!"

"Eti rasmi. Kitu kikishaitwa rasmi, jua kuna mtu keshadhulumiwa."

"Na wewe Bingwa umenyamaza tu? Miaka yote unatutafsiria sawasawa, leo mtu wa vyeti anakuja kukuharibia jina?"

"Mimi sipendi ugomvi," Bingwa alisema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Hakuna! Tuwaandikie. Andika wewe, Kiingereza chao unakijua."

Fundi Viatu akageuza mfuniko wa boksi la viatu, akauweka mapajani pa Bingwa pamoja na kalamu. Bingwa alitazama kiatu chake, akatazama barabara. Akainama, akaandika bila kunyanyua kichwa, mistari saba, akatia sahihi yenye mikia miwili.

"Mwalimu asome, atutafsirie!" aliamuru Mama Kahawa.

Mwalimu akaupokea mfuniko. Akasoma. Akarudia. Kilichoandikwa ni kwamba inafaa kwa nywele za aina zote. Lowesha, paka, sugua hadi itoe povu. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi. Masharubu ya Mwalimu yalitetemeka. Akamtazama Bingwa, akamtazama Mama Kahawa, aliyeshika birika kwa mikono miwili akisubiri. Kisha akakohoa, akatoa ile sauti yake ya darasani.

"'Kwa wakuu wa kampuni. Kiwanja ni cha Shemeji. Hati iko kwa mama yake na haitoki, hata mlie, hata mje na wazee. Mtafsiri wenu arudishwe shule.'"

"Umewamaliza!" Fundi Viatu alirusha nyundo juu, akaidaka.

"Na Mwalimu ulikuwa unamtilia shaka," Mama Kahawa alimsuta, huku akimjazia Bingwa kikombe.

"Nilikosea," alisema Mwalimu. Akakwapua mfuniko ule, akaubana kwapani. "Posta nitaupeleka mwenyewe, asiuguse mtu."

Fundi akarudia kiatu, Mama Kahawa akarudia moto. Mwalimu, kabla ya kuondoka, aliinama sikioni kwa Bingwa.

"Leo alasiri mnaonyesha ya ngapi?"

"Ya nane, Mwalimu."

"Niwekee nafasi ya mbele. Nataka nijue kile kiwanja kinaishia kwa nani."

Bingwa akapuliza kahawa yake.

"Hata mimi, Mwalimu."