Mto Umefungwa Hadi Itakapotangazwa Vinginevyo

Kwa mamlaka niliyokasimiwa kama Msimamizi wa Kidakio cha Maji, niliutangazia umma wa vitongoji vya chini ya Shelui kwamba mto umefungwa hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Wapo waliocheka, ati mto wenyewe ni mchanga mtupu tangu Juni. Hao hawajahudhuria semina. Maji yapo, chini ya mchanga, yametulia kwa mujibu wa taratibu. Tatizo ni akina mama. Kila mmoja ana kisima chake humo mtoni, kakizungushia miiba, anachota kwa kata bila mpango kazi wowote. Kitaalamu huko ni kuujeruhi mkondo. Niliagiza visima vyote vifukiwe, nikasimika vigingi mita sitini kutoka ukingoni, na ndani ya vigingi asikanyage mtu wala mbuzi. Anayetaka kuchimba aje na kibali cha maandishi chenye muhuri. Muhuri ninao mimi.

Bi Rukaiya alinifuata nikisimamia ufukiaji wa kisima chake, alichoachiwa na mama yake. Ni mtu mzima, umri wa mama yangu. Sikumwamkia, maana nilikuwa kazini.

"Baba, nina mzazi ndani," alisema. "Mke wa mwanangu kajifungua juzi. Hata maji ya kumkandia sina. Ukishafukia, tutumie nini?"

"Hilo ni suala mtambuka, mama. Linafanyiwa kazi."

"Na mtoto naye asubiri?"

"Mtoto ni mdau muhimu sana."

Akaokota kata yake akaenda zake. Nikasikia sasa anafuata maji Shelui barabarani, kwenda na kurudi, jua la utosi. Uhifadhi una gharama zake, na nilifurahi kuona jamii inazibeba.

Baadaye nikaenda kukagua mafanikio. Dereva wangu Emilian akasita ukingoni.

"Bosi, kule juu Kiomboi wingu limefunga. Huu mto unashukaga ghafla, hata kama huku hakuna mvua."

"Wingu hilo limo kwenye ratiba?"

"Halimo."

"Basi twende."

Tulipofika katikati magurudumu yakazama. Emilian akakanyaga mafuta, tukazidi kuzama. Akina mama walishajaa nyuma ya vigingi, majembe mkononi, kwa nidhamu ambayo kwa kweli ilinipendeza.

"Njooni mchimbe tutoke!" nikaita.

"Kuchimba?" Bi Rukaiya akajibu kwa sauti. "Mto si umefungwa, baba?"

"Natoa kibali cha mdomo!"

"Ulisema maandishi. Na muhuri!"

Muhuri ulikuwa kwenye begi, begi chini ya kiti. Niliinama kuutafuta, nikasikia ngurumo kutoka juu ya mto. Emilian alikuwa ameshafika ukingoni, wala hakuaga. Maji yakaja mekundu, yamebeba magogo, nami nikapanda juu ya paa na muhuri wangu. Niliogopa jamani.

"Shikamoo, mama!" nikapiga kelele.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Rukaiya. Akavuka vigingi bila kibali chochote, akashuka mpaka ukingoni, akanirushia kamba ya ndama. "Kamata. Na hicho kidude kiache."

Nikakiacha.

Kesho yake maji yalikuwa yamepita, yameacha mchanga mpya, na gari la ofisi limefukiwa hadi madirishani. Kulichimba kulihitaji mto ufunguliwe, kwa hiyo niliufungua, kwa tangazo. Akina mama walikuja wote na majembe. Wakachimba kwa bidii sana, kila mmoja kisima chake.

Gari bado limo humo. Bi Rukaiya kata yake anaitundika kwenye kioo cha pembeni. Nikipita asubuhi namwamkia kwanza, ananichotea maji, nakunywa, halafu namuuliza lini watalifikia gari langu.

"Hilo ni suala mtambuka, mwanangu," ananijibu. "Linafanyiwa kazi."