Meja, Mama Mkwe na Kochi Refu

Jumapili, 3 Agosti 1986

Aibu. Tena mbele ya akina mama wa kanisa.

Walikuja wanane baada ya ibada kunywa chai. Kalunde, mke wangu, alikuwa amefua vitambaa vyote vya makochi na kuvipiga pasi mpaka nikaogopa kuketi. Mbwa wangu, Meja, nilimfunga nyuma ya nyumba kwa fundo nililojifunza skauti. Kumbe fundo lile huachia ukilivuta, na Meja anajua kuvuta.

Ana ukubwa wa ndama na anapenda watu. Hiyo ndiyo shida yake yote. Aliingia akasalimia kila mgeni kwa ulimi, akianzia na mke wa pasta. Mkia ukafagia stuli. Vikombe sita chini! Kisha akapanda kochi refu, akajinyoosha, kitambaa kichwani. Mke wa pasta akasema Mungu ana viumbe vingi. Hakuna aliyeongeza chai.

Nilimchukua Meja kwa mhandisi aliyehamishwa, nikamwambia Kalunde ni mbwa wa ulinzi. Mwezi uliopita mwizi aliingia akabeba sufuria mbili, na Meja akamsindikiza mpaka barabarani akitingisha mkia. Jirani yangu Mulei aliwaona. Hajaacha kuisimulia pale ofisini.

Kalunde alingoja wageni watoke. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema mama yake, Syokau, aliyepasuliwa jicho Ijumaa, anatoka hospitalini Jumatano. Atakaa kwetu mpaka apone, kwa sababu barabara ya kwao Mutomo ni mashimo matupu na daktari hataki jicho litikiswe. Akiinama, akisukumwa, akianguka, jicho limekwenda. Kwa hiyo Meja aondoke kabla ya Jumatano. Nimpeleke Tawa kwa binamu yangu Kiilu, mwenye shamba.

Nikakubali. Nafikiri nilikubali haraka mno, maana Kalunde alinitazama kwa muda.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango umekwenda vizuri sana.

Nilitoka na Meja asubuhi, nikaaga kwa sauti. Nikazunguka kona. Nikarudi kwa njia ya nyuma na kumwingiza katika banda la kuku la Mulei, ambalo halina kuku tangu ugonjwa uwamalize. Mulei anataka baiskeli yangu kwa wiki nzima. Nimempa. Ni mtu wa kutumia shida za wenzake.

Nikakaa nyuma ya banda mpaka saa kumi. Kabla ya kurudi nyumbani nilijipaka vumbi viatuni na kwenye kola. Kazi safi. Kalunde akauliza safari ya Tawa ilikuwaje. Ndefu, nikasema. Akauliza Kiilu anaendeleaje. Mzima. Na mke wake? Mzima pia, anakusalimia sana.

Nilikuwa nimemaliza ugali ndipo nikakumbuka kwamba Kiilu hajaoa.

Najua ninavyoonekana nikiandika haya. Lakini ofisini mimi ni karani, nyumbani mimi ni mtu wa kuulizwa maswali. Ni Meja peke yake anayefurahi ninapofika. Mtu hawezi kupeleka furaha hiyo Tawa.

Jumatano, 6 Agosti

Mama mkwe amefika. Aliingia kwa mlango wa mbele na mimi nikatoka kwa dirisha la jikoni. Suruali imechanika.

Si woga. Ni nthoni. Sisi Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaketi chumba kimoja, na kugusana ni jambo ambalo hata halisemwi. Miaka tisa ya ndoa na sijawahi kukaa naye chini ya paa moja. Sasa yuko kwenye kochi langu refu, macho yote mawili yamefungwa bendeji, hata lile lisilopasuliwa, ili lisilivute la kidonda. Mpaka Jumatatu.

Kwa hiyo nimehamia jikoni. Nakula jikoni, nasikiliza habari za redio kupitia ukutani. Nikitaka kwenda chumbani kulala, nakohoa, Kalunde anamgeuza mama uso ukutani, nami napita upesi nikitazama dari. Leo nimegonga kabati la vyombo kwa goti.

Alhamisi, 7 Agosti

Meja analia. Banda la Mulei liko hatua thelathini, na sauti yake inafika sebuleni kama yumo ndani. Nilimsikia mama mkwe akiuliza ni mnyama gani huyo anayelia kama ameachwa na mama yake. Kalunde akajibu hajui. Alijibu polepole, uso umeelekea jikoni.

Nyama yangu ya jioni nimempelekea Meja. Alinirukia, tukaanguka wote wawili. Mulei akatoka kuangalia, akasema banda haliwezi kuhimili mapenzi ya namna hiyo, mlango umeanza kulegea. Nikamwambia autengeneze. Akaniambia ni mbwa wangu. Nikamwambia ni banda lake. Hakuna aliyeutengeneza.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa nne.

Sijui kama niandike. Naandika, halafu nitaficha daftari hili mahali ambapo hata mimi nitalikosa.

Kalunde alikwenda sokoni. Akaniacha zamu jikoni: mama akihitaji kitu nimwite Mutindi, mke wa Mulei. Nisiingie. Nilikuwa namenya viazi. Meja akapita. Alipita jikoni na kipande cha mlango wa banda shingoni, akaniramba sikio, akaendelea sebuleni.

Mama mkwe kwenye kochi. Macho yamefungwa. Meja akijiandaa kumpandia mapajani.

Niliona lile jicho limekwenda. Niliona naambiwa maisha yangu yote kwamba nilimpofusha mama wa watu kwa sababu ya mbwa. Kusema siwezi, nthoni. Kuingia siwezi, nthoni. Nikaingia. Kwa magoti, kimya, nyuma ya kochi, nikamkamata Meja mguu wa nyuma. Akadhani ni mchezo! Nikavua kandambili yangu, nikaitupa nje kwa mlango wa mbele uliokuwa wazi. Akaifuata mbio. Jicho limepona. Nikashukuru Mungu.

Hapo mkono ukashuka.

Mkono wa mama mkwe, kutoka kwenye kochi, ukanishika kichwani. Ukanipapasa. Nyuma ya masikio.

Mtu mwenye akili angesema. Mimi nilihema. Mungu anisamehe, nilitoa ulimi nikahema kama mbwa.

Akaendelea kunipapasa, akaanza kuongea nami kwa upole, kama mtu aliyekosa wa kuongea naye siku nyingi. Alisema:

“Wewe ni afadhali. Wewe ukikosa, unakosa mbele ya watu. Huyu bwana ya msichana yangu akikosa anajificha. Mimi nilikubali amuoe kwa sababu alikuwa anacheka vizuri, nilikuwa namsikia huko nje. Siku hizi hacheki. Anapanga tu.”

Nilitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka. Badala yake alivunja biskuti, akanyoosha kiganja mpaka mdomoni kwangu, akangoja.

Nilikula.

Kisha akasema haya, toka nje sasa, usichafue kiti cha watu. Nikatoka kwa magoti.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilisema tumbo.

Kalunde aliporudi alikuja jikoni, akafunga mlango, akaniuliza kama mbwa wa Tawa huwa wanakuja huku kwetu Kitui kwa miguu. Nikaanza kusema kwamba inategemea mbwa. Akanikatiza. Mama alimwambia jana mbwa aliingia, mbwa mtulivu sana, amenyolewa nywele vizuri na kupakwa mafuta.

Nikasema yote. Banda, baiskeli, vumbi la viatuni, biskuti. Alikaa juu ya debe la unga na kujifunika uso kwa leso. Nilitamani acheke. Hakucheka. Akasema kuingia kumwokoa mama jicho, kwa hilo angenisifu mbele ya watu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: “Lakini kwa nini hukusema tu, ‘Mama, ni mimi, nisamehe, mbwa imeingia’?”

Jibu? Nimelitafuta mchana kutwa. Nimemaliza kumenya viazi vyote vya nyumba hii.

Jumatatu, 11 Agosti

Bendeji zimetolewa. Jicho linaona!

Nilisikiliza kutoka jikoni, sikio ukutani. Kitu cha kwanza alichofanya mama mkwe ni kuhesabu vikombe kabatini. Alitupatia dazeni siku ya harusi. Akaona sita. Akauliza sita vingine viko wapi, na Kalunde akamwita Meja kutoka uani. Meja, niliyemwona kwa ufa wa mlango, aliingia taratibu, akalala miguuni pa mama mkwe, hata mkia hakutingisha. Msaliti. Mama mkwe akasema mbwa huyu hana shida, alikuwa anakosa mtu wa kumwambia keti. Abaki.

Baadaye Kalunde akaniletea ujumbe. Aibu ya aina ile ina dawa yake kwetu: mbuzi. Nimlete mwenyewe Jumatano saa kumi, kwa mlango wa mbele, nisimame uani niseme jina langu. Akimpokea mbuzi, mambo yamekwisha na hakuna atakayeyataja tena, hapa wala Mutomo.

Na kuna jambo lingine. Kalunde alilisema kama mama yake alivyolisema, akalia kidogo: “Macho yangu yalianza kuingia ukungu kabla hajaoa. Siku ya harusi niliona koti tu. Nataka nimuone mara moja, kwa mbali, huyu aliyechukua msichana yangu. Basi.”

Mimi pia nililia, nyuma ya pipa la maji. Mwanamke mzuri vile! Nimeapa kwa Biblia ya Kalunde: hakuna mipango tena. Nasimama, nasema jina langu, naonekana. Nimechukua baiskeli yangu kwa Mulei na sikumtukana.

Jumatano, 13 Agosti

Mbuzi yupo. Dume, jeupe, halina kasoro. Koti nimelipiga pasi mwenyewe. Niliamka na moyo mwepesi kabisa.

Nikajitazama kwenye kioo nikisema jina langu. Nikaona uso uliohema. Huo huo ndio mama mkwe atauona, kwa jicho jipya, na kila atakapokumbuka mkwe wake ataona ulimi. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu nikakigeuza kioo kikatazama ukuta.

Ndipo nikafikiri kwa utulivu. Anataka kuona mtu uani, kwa mbali, na mbuzi. Hajawahi kuniona. Yaani hajui ninafananaje! Na pale ofisini kuna Kiema, tarishi, kimo changu kabisa, mtu wa sura nzuri, asiyeona haya hata kidogo. Amekubali. Koti langu limemkaa kuliko linavyonikaa mimi. Jina langu amelifanyia mazoezi stoo na analisema vizuri kuliko mimi. Ana upara, lakini atavaa kofia.

Atapeleka mbuzi saa tisa badala ya saa kumi, Kalunde akiwa bado kisimani. Mama mkwe atafurahi kuona ameozesha kwa kijana mzuri. Kalunde atarudi akute mbuzi amefungwa na mama ametulia. Hakuna atakayeumia. Saa tisa ndiyo hii: Meja yuko na mimi hapa nyuma ya ua, nimemshika mkanda kwa mkono mmoja huku naandika kwa mwingine, ingawa anavuta, maana amesikia jina langu likitajwa huko mbele.

Nimeona aibu ya kutosha mwezi huu. Ya leo acha Kiema aione.