Vita vya Ufunguo wa Mlango wa Mbele

Tegeni masikio, enyi wapangaji na wenye nyumba, na wewe unayetafuna huko nyuma hebu tulia, niwasimulie habari za Mshona Mapazia, simba jike, bingwa wa sindano na uzi, aliyenunua nyumba ambayo mkopo wake wa benki ulikuwa haujaisha!

Mkataba ulisema hivi: nyumba iwe yake, mkopo ubaki kwa jina la muuzaji, Mwalimu Mstaafu, naye bibi huyu aulipe kila mwezi hadi uishe. Mwezi mmoja ukimponyoka, benki itapiga mnada, nyumba iende, na jina safi la Mwalimu liende nayo.

Basi Mwalimu, jabali mbele ya wanafunzi, maji mbele ya benki, akakabidhi ufunguo wa jikoni tu. Ule wa mbele akaufutika mfukoni.

"Binti yangu," akanena, "siku nitakayoiona risiti ya kwanza, ndiyo siku utakayopita mlango mkuu!"

Lahaula! Kochi la watu watatu halikupita mlango wa jikoni. Mwezi mzima likalala uani chini ya turubai, na shujaa wetu, mwenye nyumba mzima, akawa anaingia kwake kwa kuruka masufuria. Majirani walicheka wakashika mbavu. Yeye alilia mara moja, akiwa amekaa juu ya kochi hilo.

Siku ya mwisho ya mwezi, mawingu yametanda, akaivamia benki. Foleni ikamzuia saa mbili. Hakurudi nyuma hata hatua.

"Kwa jina la nani?" akauliza karani.

"La Mwalimu!" akanguruma. "Lakini jasho ni langu, nyumba ni yangu, na kochi linalongoja mvua huko uani ni..."

"Mama, nimeuliza jina tu. Shika risiti yako."

Akaipeperusha njia nzima. Mwalimu, aliyekuwa kibarazani tangu asubuhi, akaisoma mara tatu, akafuta miwani, akautoa ufunguo mfukoni. Kochi likaingia kwa vigelegele, likikwangua rangi ya mlango, na matone ya kwanza yakaanguka uani patupu.

Mwalimu, hoi kwa hofu ya mwezi mzima, akajibwaga juu ya kochi, akakunja nne.

"Inuka, baba," akasema Mshona Mapazia. "Mkopo ni wako. Kochi ni langu."

Akainuka. Na iandikwe, isomwe na wajukuu: siku hiyo mwenye nyumba alikaa kwake, zikiwa zimebaki risiti mia moja na kumi na tisa.