Tausi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika! Nimeibeba mwenyewe kutoka barabarani hadi stoo ya mapazia, na mgongo umenikumbusha umri wangu. Haidhuru. Mashine moja, kazi mbili. Inakata chuma kwa moto wa plasma kama wembe na karatasi, na ukigeuza swichi, inachomelea. Mimi ni muuza mapazia. Kuanzia leo ni muuza mapazia mwenye siri.

Siri yenyewe hii. Geti la mama mkwe limeliwa na kutu hadi likaanguka lenyewe, bila kusukumwa na mtu. Mama mkwe yuko kwa dada yake, anarudi Jumapili. Kabla ya kuondoka alitamka mbele ya ukoo mzima kwamba mkwe atakayemsimamishia geti la heshima ndiye atakayepewa chumba cha mbele cha nyumba yake afungue duka, kile kinachotazama barabara. Chumba kile! Mwaka wa tatu huu nakiota, mapazia yangu yakining'inia dirishani.

Wakwe tuko wawili. Mwenzangu kaoa mdogo wa mke wangu, kwa hiyo ni mwanyumba wangu, na kwa bahati yangu mbaya ni fundi wa kuchomelea kwenye gereji kubwa, tena mwenye cheti. Tunamwita Taratibu. Hata chafya anaipiga kwa maandalizi. Kwa mwendo wake, geti lake litakamilika wajukuu wakiwa na mvi. Langu litasimama Jumamosi, na katikati atakaa tausi wa chuma, mkia wazi.

Kijitabu cha maelekezo kina kurasa arobaini. Kumi na mbili za mwanzo ni vitisho vitupu: usiguse, usivue, usisogeze. Aliyekiandika ni mwoga. Nimekiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Meza imetulia tuli. Kijitabu kimeshafanya kazi yake.

Mke kauliza boksi lina nini. Nimemjibu ni mashine ya mapazia mazito: inakata, inaunganisha. Sikusema uongo hata neno moja.

Jumanne, 4 Machi

Plagi ya mashine ni nene kama ngumi, haiingii kwenye soketi yoyote ya nyumba hii. Mwingine angekata tamaa. Mimi nimekata plagi. Nimefunga ile ya pasi badala yake. Waya mmoja, wa kijani na njano, ulibaki hauna kazi, nikaukunja pembeni. Umeme nimeuvuta jikoni kwa ule waya mrefu wa kuongezea, uliozungushwa kwenye gurudumu lake. Kuukunjua wote wa nini? Nikawasha. Feni ikanguruma. Nikajiona rubani!

Dakika nne. Kisha harufu ya kandambili zinazoungua. Gurudumu la waya linayeyuka! Kisha paa! Friji kimya, redio kimya, nyumba nzima kimya.

Nimemwita fundi umeme, binti mpole wa mtaa wa nyuma. Leo hakuwa mpole. Kaushika ule waya wa kijani kwa vidole viwili kama aliyeokota mkia wa panya, kauliza nani kafanya hivi. Nimesema ni fundi aliyepita. Kasema huyo aliyepita alikuwa ananichimbia kaburi: ule ndio waya wa ethi, na bila huo, umeme ukivuja kwenye bodi la mashine njia yake ni mwili wangu. Kaweka plagi inayostahili, kavuta laini ya peke yake yenye swichi ya kuzimia ukutani, kaniapisha kwamba waya wa kuongezea nisiutumie tena ukiwa umeviringishwa. Nimeapa. Kuapa hakuchoshi.

Mke karudi kutoka zahanati (ni muuguzi) na sare yake mwilini. Kaitazama mashine. "Baba, cherehani gani hii yenye kibano kama cha betri ya lori?"

Nimesema ni toleo jipya. Kaizunguka mara mbili, mikono nyuma. Kuizunguka kwake kunanitisha kuliko zile kurasa kumi na mbili.

Jumatano, 5 Machi

Umeme upo, mashine inanguruma, chuma hakikatiki. Nimekikwangua asubuhi nzima kama mtu anayetoa ukoko. Kumbe moto wa plasma unasukumwa na hewa ya kompresa! Imeandikwa ukurasa wa kumi na tano, ambao nimeusoma nikiwa nimelala kifudifudi ili nisiisumbue meza.

Kumuuliza Taratibu? Bora nile kijitabu. Ila kumchungulia si kumuuliza. Nimechukua futi ya kamba, nimekwenda gereji kwao, nimewaambia nimekuja kupima madirisha ya ofisi.

Nilipima dirisha moja kwa muda wa saa nzima. Yule bwana ana maradhi. Kwanza katoa maji yaliyokusanyika chini ya tangi la kompresa. Kisha kakagua mpira wa hewa, inchi kwa inchi. Kisha kapiga brashi chuma hadi rangi yote ikatoka pale anapobana kile kibano. Kasogeza matambara na kopo la tina ya kuyeyushia rangi mbali kabisa. Mtungi wa kuzimia moto karibu. Shati zito la pamba, viatu vya ngozi, glavu ndefu, kinyago usoni. Kawaambia wenzake watazame kando. Robo saa imekwisha, hajakata hata msumari! Kisha kakata. Sekunde ishirini. Mstari kama umechorwa na rula.

Nikamwendea, nikasema nina rafiki yangu ambaye kanunua mashine ya namna hiyo. Yeye, si mimi. Taratibu kanitazama polepole, kama anavyofanya kila kitu, kisha kamshauri huyo rafiki kwa kirefu. Rafiki asikate kitu chochote kwa macho matupu. Rafiki asivae nailoni. Rafiki asithubutu kufanyia kazi ndani ya stoo yenye vitambaa.

Nimemwuliza vitambaa vimetoka wapi.

"Nimewaza tu, kaka," kajibu.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Kompresa nimeiazima kwa fundi wa pancha, nimeifunga, nimeitoa mashine uani, nimemchora tausi kwa chaki kwenye bati nene. Fundi wa pancha alitaka kuniazima na kinyago chake cha kuchomelea. Nimekataa, kinanuka jasho la watu. Nimevaa miwani ya jua ya mke wangu, ile yenye vioo vyeusi tii na vipepeo pembeni. Shati la nailoni, lile linalong'aa. Ndala.

Inakata! Mungu wangu, inakata! Cheche zinamwagika chini kama mtama kutoka guniani. Cheche moja ikaingia kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Nimecheza ngoma ambayo haina jina. Jirani wa nyumba ya pili kanipigia makofi juu ya ukuta, kadhani nina furaha. Shati lina matundu kumi na saba, yote yenye kingo ngumu.

Tausi amekamilika. Shingo imekuwa fupi kidogo, mkono ulitetemeka. Mkia umeungua upande mmoja. Ukimtazama kwa haraka ni kuku aliyeona nyoka. Nitasema ni tausi wa kisasa.

Jioni. Macho yananiwasha. Vumbi bila shaka.

Ijumaa, 7 Machi

(Anayeandika ni mkewe. Yeye hawezi kufumbua macho. Ananitamkia, naandika. Yaliyo kwenye mabano ni yangu.)

Nimepatwa na ugonjwa wa ghafla usiojulikana. (Unajulikana. Mwanga wa mashine umemchoma macho. Miwani yangu ni ya kwendea harusini.) Ni kama mtu kanimwagia mchanga machoni kisha akausaga. Nimevumilia kiume. (Kalia tangu jana wakati wa chakula hadi alfajiri. Kamwita mama yake.) Daktari wa zahanati kasema ni siku moja mbili nitapona, lakini nikirudia mara nyingi nitakuja kuyatafuta macho yangu sokoni. (Hakusema sokoni. Alisema vibaya zaidi.)

Mke kajua yote: geti, chumba, mashine. Hakukasirika. (Nilikasirika. Nilisubiri apone.) Kanipa vitambaa baridi na kanisomea kijitabu cha maelekezo, kurasa zote arobaini, kwa sauti. Mgonjwa hana pa kukimbilia. Nimeahidi sitaigusa tena mashine hadi nifundishwe na mtu anayejua.

(Kaahidi mara tatu. Naenda kumpigia simu Taratibu.)

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka naona! Ukungu kidogo, machozi kidogo, lakini naona. Kesho mama mkwe anashuka na geti langu bado ni vyuma saba na kuku mmoja. Mke kaenda zamu. Ahadi niliitoa nikiwa mgonjwa, na maneno ya mgonjwa hayahesabiwi.

Safari hii nimefanya mambo kisomi. Kinyago cha fundi wa pancha, jasho na yote. Viatu. Glavu. Kibano kwenye chuma kilichosuguliwa. Basi tu lile jua la uani liliniumiza macho, nikairudisha mashine stooni, kwenye kivuli, katikati ya majora ya mapazia.

Nimechomelea kona ya kwanza. Nzuri! Ya pili, nzuri zaidi! Ndani ya kinyago ni giza, huoni ila ule ukucha wa moto mbele yako. Nikahisi joto mgongoni. Nikafurahi kwamba mashine ina nguvu. Nikavua kinyago, nikageuka.

Jora la mahameli nyekundu lilikuwa linawaka. Mwali ulikuwa umefika darini.

Sitatania hapa. Nilishika ndoo ya maji ya kufulia nikainua, na mashine ilikuwa bado inanguruma kati yangu na moto, nyaya zake zimetapakaa sakafuni. Mkono ukanidaka kifundo. Taratibu! Sijawahi kumwona akikimbia. "Weka chini! Umeme kwanza!" Kaipiga ile swichi ya ukutani, kanisukumia mlangoni, kachomoa mtungi wa kuzimia moto aliokuja nao na kaupulizia chini ya mwali, si juu, hadi kila kitu kikawa cheupe. Hata nusu dakika haikufika.

Tulikaa uani, tumepakwa unga kama waoka mikate. Kasema mke wangu ndiye aliyempigia simu jana, na leo alikuwa njiani kuja kunisaidia tu. Kasema, "Kaka, mimi nina wanyumba wangapi? Ni wewe mmoja."

Nimekohoa. Moshi.

Kisha kasimama, kauliza vyuma viko wapi. Tumemaliza geti saa kumi na moja jioni, uani, mbali na kila kitu, kwa robo saa zake zote za maandalizi. Mimi nimepewa cheo: mlinzi wa moto. Nilikaa kwenye kiti na mtungi wake wa pili mapajani, macho nimeyageuzia ukutani kila anapowasha. Hata alipomaliza hakuniruhusu kuondoka. Mashine iachwe feni ikizunguka hadi ipoe, hewa itolewe kwenye mipira, ndipo tuzime. Halafu nusu saa nyingine ya kukagua kama kuna cheche iliyojificha. Nilimwomba akate tausi mpya. Kakataa. Kasema mama atapenda kuona kazi ya mkono wangu.

Mapazia yaliyoungua ni majora matano. Nyusi zilizoungua ni mbili. Mke karudi, kanusa, kaingia stooni, katoka. Kanikumbatia kwa muda mrefu. Kisha ndipo alipokasirika.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kashuka na vikapu vinne. Kasimama mbele ya geti. Kalifungua, kalifunga, kalifungua. Halikulia hata kidogo. Kisha kamwona ndege.

"Kuku!" kapiga kigelegele. "Nani kajua kwamba napenda kuku?"

Nimefumbua mdomo kusema tausi. Mke kanikanyaga. Nimesema ndiyo mama, kuku. Kasema tausi ni majivuno matupu, kuku anataga. Kauliza nyusi zangu zimekwenda wapi, mke kampokea vikapu. Kauliza geti kajenga nani. Nikavuta pumzi. Taratibu kaniwahi, kwa mara ya kwanza maishani mwake: kasema tumejenga pamoja.

Basi chumba ni cha wote wawili, kasema mama mkwe. Nikaanza kukigawa kichwani: theluthi mbili mapazia. Taratibu kasema yeye ana kazi yake gereji, sehemu yake anampa mkewe. Mke wangu kasema wazo zuri, na sehemu ya mumewe ataichukua yeye. Duka la dawa, yeye na mdogo wake! Inaonekana walishazungumza. Inaonekana walishazungumza tangu mwaka jana.

Nimeuliza, kwa unyenyekevu, kuhusu mapazia ya dirishani. Wamesema duka la dawa linataka mwanga.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari wiki hii kwa kina, kama mtu mzima. Kosa lilikuwa vitambaa. Ukiondoa vitambaa, mimi ni fundi.

Na sifa zimeshasambaa! Jirani wa nyumba ya pili, yule aliyenipigia makofi, kaniita kwenye ukuta. Ana pipa la chuma analotaka likatwe katikati, apande maua pande zote mbili. Kampelekea fundi wa pancha, kalikataa. Kampelekea Taratibu, kalikataa pia, tena kamwonya asilisogeze karibu na moto. Mafundi wa siku hizi wanachagua kazi.

Mke kaondoka kazini na waya wa umeme wa mashine kwenye mkoba wake. Nimeshapata mwingine kwa binti fundi umeme. Nimemwambia ni wa pasi.

Pipa nimelikagua mwenyewe, maana usalama kwanza. Lilikuwa la petroli, lakini ni tupu kabisa, nimeligonga likalia ngoo. Nimefungua kizibo nikanusa. Harufu bado ipo, kali hadi machozi yamenitoka. Dalili nzuri: maana yake yote inatoka.