Uzinduzi wa Kituo cha Kozi za Bure Mtandaoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Ndugu mwenyekiti wa kamati ya maandalizi. Ndugu mwenyekiti wa kamati inayoisimamia kamati ya maandalizi. Mkandarasi wa mradi, mdogo wangu wa tumbo moja. Mlezi wa mradi, mke wangu mpendwa. Waheshimiwa mlioketi kivulini. Wananchi mliosimama juani. Mafundi wote wa soko hili, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. (Makofi kutoka kivulini.)

Nimesimama mbele ya mlango huu wa buluu, wenye utepe mwekundu, nikiwa na furaha isiyo kifani, kwani nyuma ya mlango huu, ndugu zangu, kuna mustakabali wenu. (Makofi.) Ofisi yangu, katika kutekeleza mpango mkakati wa kujengeana uwezo kidijitali kwa kushirikisha wadau wa ngazi zote, ilibaini kwamba huko mtandaoni kuna kozi za bure, za kuchora mitindo, kupiga picha, kuandika matangazo, hadi namna ya kuongea na mteja mwenye hasira, na kwamba mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma akiwa amejilaza kitandani kwake. Nikasema, hapana! Haiwezekani wananchi wakawa wanaelimika ovyo ovyo bila kuratibiwa! (Makofi kivulini. Sauti kutoka juani: "Kwani ina ubaya gani?")

Swali zuri sana, na litajibiwa kwa maandishi. Basi tukaunda kamati ya upembuzi yakinifu, ambayo ilisafiri ng'ambo mara tatu kwenda kuziona kwa macho kozi hizo zilizoko mtandaoni, na ikarudi na taarifa nene kwamba kozi zenyewe hazikuonekana, ila hoteli zilikuwa za viwango vya kimataifa. (Vicheko.) Msicheke, huo unaitwa utafiti. Baada ya hapo tulifanya warsha, semina elekezi, kongamano, na webina moja kubwa ambayo, kwa kukosa intaneti, tuliifanya ana kwa ana ukumbini, tukala, tukapiga picha, tukaazimia. Na leo takwimu zinasema zenyewe: asilimia mia moja na kumi na mbili ya wananchi wamefikiwa na mradi huu. (Sauti: "Hao kumi na mbili wa ziada ni akina nani?") Ni wale ambao hawajazaliwa. Sisi tunapanga mbele, bwana.

Na msidhani nawahubiria nisichokifanya. Mimi mwenyewe nimesoma mtandaoni kozi ya Stadi za Kuzungumza kwa Ufupi, nikafaulu kwa alama za juu, ingawa mtihani alinifanyia katibu muhtasi wangu, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nahutubia tangu asubuhi. (Katibu muhtasi anainamisha kichwa.) Cheti kiko ofisini, kimewekwa kwenye fremu. Njooni mkitazame siku yoyote mtakayoruhusiwa kuingia.

Naona mkono. Nani huyo? Aa, binti mshonaji wa kibanda cha kona! Sogea, mwanangu, usiogope kipaza sauti. (Binti mshonaji: "Shikamoo, mheshimiwa. Mimi nilijiandikisha kwenu tangu mwaka jana. Karakana ya sare inatafuta mtu anayejua kuchora mitindo kwa kompyuta, na usaili ni Jumatatu. Naomba mfungue mlango, nianze hata leo, nisiende pale mikono mitupu.")

Marahaba, binti yangu. Mmeiona ari hiyo, wananchi? Hiyo ndiyo tija ya mradi! Huyu hajasoma hata somo moja, lakini tayari ana hamu, na hamu ni kiashiria muhimu. Nakuahidi hapa hadharani kwamba ombi lako litaingizwa kwenye mchakato. Mvumilivu hula mbivu. (Shangazi yake, kwa sauti kubwa: "Mbivu zimeshaoza, baba! Mtoto alikuwa anajisomea kwenye simu yangu, vizuri tu, mkamwambia aache, eti cheti cha nje ya kituo hakitambuliki! Ameacha. Mwaka mzima anawasubiri ninyi!" Kelele: "Mwambie, shangazi!")

Shangazi, punguza jazba. Mwongozo huo tuliutoa kwa nia njema ya kulinda ubora. Na tusiwe watu wa kulalamika tu wakati mambo yanaonekana. Mtandao wa kituo upo, tena unafanya kazi! Washeni simu zenu hapo mlipo. (Watu wanawasha simu. "Eh, upo kweli!" "Umeandikwa Fundi Simu!") Hilo, ndugu zangu, ni jina la kificho, kwa sababu za kiusalama. (Vicheko virefu.)

Binti, usiguse utepe. Utepe hukatwa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi bado anaongea. Sasa wote kwa pamoja, nikisema "Stadi!" mnaitikia "Kiganjani!" Haya. Stadi! ("Fungua!") Hamjanielewa. Ubunifu! ("Fungua!") Maendeleo! ("Fungua mlango!") Nashukuru kwa hamasa yenu.

Nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hashukuru. Namshukuru mpiga rangi kwa buluu hii isiyokauka haraka, kwa hiyo msiegemee. Namshukuru mwenye viti, ambaye naona ameshaanza kuvikusanya. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi seremala, aliyeupigilia mlango huu ukutani jana jioni, ukashika barabara, bila hata kutoboa ukuta. (Watu wanageuka kuutazama ukuta.) Yaani, bila kutoboa bajeti. (Fundi seremala: "Mheshimiwa, si uliniambia niupigilie tu, chumba kitafuata?")

Fundi, hukupewa nafasi ya kuchangia. (Binti mshonaji anagonga mlango. Kutoka upande wa pili, sauti: "Nani huyo anabomoa ukuta wangu?") Naomba tusijibu sauti zisizo kwenye ratiba. (Binti: "Fundi simu! Kumbe huku ni kwako?" Sauti: "Ni kwangu tangu lini na lini! Wewe ndiye mshonaji? Zunguka uje, mwanangu, kompyuta moja inawaka na mtandao ndio huo mnaojisifia. Hadi Jumatatu utakuwa umeshika kitu.")

Binti, rudi. Kuna picha ya pamoja. (Binti, machozi yakimtoka: "Mmenipotezea mwaka mzima, mheshimiwa. Ningekuwa nimeshamaliza. Picha pigeni na mlango wenu." Anaondoka. Shangazi anamfuata, mafundi wanafuata, hata katibu muhtasi anavua beji yake na kufuata.)

Naomba ieleweke, na vyombo vya habari viandike hivyo, kwamba kuzunguka ukuta ni moduli ya kwanza ya kozi yetu, na kwamba wahitimu mnaowaona wakielekea kule ni matunda ya uongozi wangu. (Hakuna makofi. Kivulini amebaki mke wake, amesinzia.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Na wewe, seremala, kabla hujaondoka, ung'oe huo mlango taratibu usije ukachubuka. Alhamisi tunazindua zahanati.